Motokaa Mbili za Detroit: Ipi Iliyomtumikia Mwenyewe?

Wazee wa Visiwa hivi waliijua Marekani kwa nguo kabla ya kuijua kwa siasa. Tangu miaka ya 1830 merikebu za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja na kushusha majora ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho watu wakakiita merikani. Hakikuwa kitambaa cha urembo. Kilipendwa kwa sababu kilikuwa kizito na kigumu, kikivaliwa, kikifuliwa na kuvaliwa tena. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani mwaka 1861, majora yale yakaadimika, na wanunuzi wa pwani wakalazimika kutafuta nguo za viwanda vya nchi nyingine. Jina likabaki, lakini kitu chenyewe kikakatika, kwa ugomvi ambao mnunuzi wa Unguja hakuwa na shauri lolote ndani yake.

Mafunzo mawili yamo katika kisa hicho kifupi. Kwanza, kitu kinachotoka mbali hupimwa kwa kudumu kwake mikononi mwa aliyekinunua. Pili, mkono wa anayekileta unaweza kukatika wakati wowote. Leo tunakusudia kuzichukua motokaa mbili za Marekani zilizopata sifa dunia nzima, tuzipime kwa mizani hiyo: Ford ya Modeli T, iliyoundwa kutoka 1908 hadi 1927, na Cadillac ya mwaka 1959. Hatuandiki kwa ajili ya matajiri wanaokusanya magari ya kale na kuyafunika mahameli. Tunawaandikia wananchi wa Visiwani wanaopanda gari kila siku kwenda kazini, sokoni na hospitali, na maofisa wa Serikali ambao saini zao ndizo zinazoamua ni mashine gani itakayoshushwa bandarini.

Wengi hudhani kuwa motokaa hizi mbili ni mahasimu tangu kuzaliwa. Ukweli ni kwamba zimetoka katika nyumba moja. Mwaka 1901, katika mji wa Detroit, ilianzishwa kampuni iliyoitwa Henry Ford Company. Ford mwenyewe hakuelewana na waliotoa mtaji, akaondoka mwezi Machi 1902. Wenye mtaji wakamwita Henry Leland, fundi hodari wa vyuma, awakadirie thamani ya mitambo ili waiuze. Leland akawashauri wasiuze, bali waendelee kuunda magari. Kampuni ikapewa jina jipya la Cadillac, kwa kumkumbuka Mfaransa aliyeuasisi mji wa Detroit mwaka 1701. Ford naye akaanzisha kampuni nyingine mwaka 1903. Kwa hiyo Cadillac na Ford ni kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali: damu moja, malezi tofauti.

Mwaka 1908 ndugu hao walifanya mambo mawili yanayofaa kukumbukwa pamoja. Huko Uingereza, Cadillac tatu zilifunguliwa mpaka zikabaki marundo ya vyuma. Vyuma vile vikachanganywa, baadhi vikaondolewa na kuwekwa vipya kutoka stoo, kisha mafundi wakaziunga upya. Gari zote tatu zikawaka, zikaenda maili 500 katika uwanja wa Brooklands bila ya kushindwa, na Cadillac ikatunukiwa kombe la Dewar. Wakati ule kipuri cha gari aghalabu kilikuwa hakiingii pahali pake mpaka kipigwe tupa na kurekebishwa kwa mkono. Jaribio lile lilithibitisha kuwa kipuri kinaweza kutolewa sandukuni na kuingia barabara. Na katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huohuo, Henry Ford akatoa Modeli T.

Tuitazame kwanza hiyo Modeli T. Zile za mwanzo zilikuwa na uzito wa kilo 550 hivi na urefu wa kama mita tatu na nusu. Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa baina ya maili 40 na 45 kwa saa. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 850. Kwa macho ya leo ni kigari cha kuchekesha, chenye magurudumu membamba kama ya baiskeli na mwili ulioinuka juu kama tenga lililotwikwa kichwani. Lakini kuinuka kule kulikuwa na hekima. Barabara za mashamba ya Marekani katika mwaka 1908 zilikuwa za udongo, zenye mashimo wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Ford alilitengeneza gari kwa ajili ya barabara iliyokuwapo, wala hakuilazimisha barabara ingoje gari.

Vyuma vyake muhimu vilikuwa vya pua iliyochanganywa na vanadiamu, vyepesi na vigumu kuvunjika. Silinda zote nne zilisubiwa katika bonge moja, na silinda hedi ikifunguka, hata mwenye gari aliweza kuifungua na kuisafisha mwenyewe. Umeme wa kuchomea petroli ulitoka katika sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu la injini, kwa hiyo gari iliweza kwenda bila ya betri. Hapakuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na petroli iliteremka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe. Kisichokuwapo hakiharibiki. Mkulima aliyekaa maili 30 kutoka mjini, mwenye spana chache na waya, aliweza kuitengeneza motokaa yake kivulini mwa mti na kurudi kazini.

Tena haikuwa ya kutembelea tu. Wakulima walikuwa wakiinyanyua kwa jeki, wakavua gurudumu moja la nyuma, wakafunga mkanda, na injini ileile iliyowapeleka sokoni ikawasukumia msumeno wa mbao, pampu ya maji na mashine ya kupurura nafaka. Chombo kimoja kikafanya kazi za vyombo vitano.

Hatusemi kuwa ilikuwa gari isiyo na ila. La hasha. Ili kuiwasha ilibidi kupiga hendeli kwa mbele, na asiyejua kuurudisha nyuma mwako wa plagi kabla ya kuzungusha aliweza kuvunjwa mkono. Pedali zake tatu hazikuwa kama zetu za leo: ya kushoto ilikuwa ya mwendo mdogo na mkubwa, ya kati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki, na petroli ilitiwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Na kwa kuwa petroli iliteremka yenyewe, gari lenye mafuta machache lilipofika mlima mkali lilizimika, na dereva ikambidi aligeuze apande kinyumenyume. Watu walicheka, lakini walipanda na wakafika.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa katika kiwanda. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford alianzisha utaratibu wa gari kutembea na mfanyakazi kusimama. Kazi ya kuunga fremu na mitambo ya gari moja, ambayo ilikuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikashuka mwaka uliofuata mpaka dakika 93. Bei ikaporomoka mwaka hadi mwaka, na kufika katikati ya miaka ya 1920 Modeli T ya bei nafuu kabisa iliuzwa dola 260. Ilipokoma kuundwa mwezi Mei 1927, zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetoka. Hapana aina nyingine ya gari iliyoipita hesabu hiyo mpaka mwaka 1972, ilipopitwa na Volkswagen ya kobe ya Ujerumani.

Lakini bei hiyo ndogo ililipwa na watu. Kusimama pahali pamoja kutwa nzima na kukaza nati ileile kuliwachosha wafanyakazi hata wakawa wanakimbia kazi. Katika mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili abakie na wafanyakazi 14,000 hivi. Mwezi Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa nane, takriban mara mbili ya ujira uliokuwapo. Sifa zikamjaa. Hata hivyo haukuwa wema mtupu: kampuni iliwatuma wakaguzi majumbani mwa wafanyakazi kuangalia kama wanakunywa pombe, kama nyumba ni safi, na kama mtu huyo anastahili kulipwa ujira kamili. Kwa upande wa pili, lazima ikubaliwe kwamba kwa ujira wa dola 5 kwa siku, gari la dola 260 ni kazi ya siku 52. Kwa mara ya kwanza aliyeiunda motokaa aliweza kuinunua.

Basi kwa nini ilikufa? Ilikufa kwa ukaidi wa mwenyewe. Kutoka mwaka 1914 hadi 1925 Ford hakuiuza ila kwa rangi nyeusi. Wasaidizi wake walipomweleza kuwa nyakati zinabadilika, hakusikia. Kampuni ya General Motors, chini ya uongozi wa Alfred Sloan, ikamzunguka. Ikawawekea watu magari ya ngazi mbalimbali, kila mfuko na gari lake, na Cadillac ikiwa kileleni. Tangu 1919 ilikuwa na shirika lake la kukopesha, ili mnunuzi alipe kidogo kidogo. Na ikaanza kubadilisha sura ya magari kila mwaka, ili aliyenunua mwaka jana alione lake limechakaa ingawa bado linakwenda. Ford alipokubali hatimaye kubadilika, ilimbidi akifunge kiwanda kwa miezi kadhaa, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila ya kazi.

Mwaka ule ule wa 1927, General Motors ilifungua idara mpya ya sanaa na rangi, na kumweka Harley Earl kuwa mkuu wake. Kabla yake umbo la gari lilikuwa kazi ya mainjinia. Earl alikuwa mtu wa macho. Mwaka 1941 aliwachukua wachoraji wake kwenda kuitazama ndege ya vita ya Lockheed P-38, yenye mikia miwili, na Cadillac ya mwaka 1948 ikatoka na vipezi viwili vidogo nyuma. Watu walivipenda. Vikakua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1957 kampuni ya Chrysler ilipotoa magari yenye mapezi marefu zaidi, wachoraji wa General Motors waliona wamepitwa, wakaichora upya kazi yao. Matokeo yake yalikuwa Cadillac ya mwaka 1959.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa pezi ni kitu gani. Pezi la papa lina kazi: humnyoosha majini asiyumbe. Mapezi ya Cadillac ya 1959, yaliyosimama nyuma ya gari kama matanga mawili na katikati yake taa nyekundu zilizochongoka kama risasi, hayakuwa na kazi ila kutazamwa. Gari lilikuwa na urefu wa mita 5.7 na uzito wa zaidi ya tani mbili, yaani mara nne ya ule wa Modeli T za mwanzo. Injini yake ya silinda nane ilikuwa na ukubwa wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325, na yote hayo aghalabu yakimchukua mtu mmoja ofisini na kumrudisha kwake. Bei yake ilianzia karibu dola 4,900, na aina ya Eldorado ilipita dola 7,400. Wakati huo mapato ya mwaka mzima ya familia ya kati ya Marekani yalikuwa dola 5,400 hivi.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tungeishia hapo tungekuwa hatukusema haki. Ndani ya Cadillac hamkuwa na kipande cha mti. Kampuni hiyo ndiyo iliyouondoa ule msiba wa hendeli, ilipoweka stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering katika gari zake za mwaka 1912, na tangu hapo mtu dhaifu kama mwenye nguvu akaweza kuwasha motokaa. Hiyo ya 1959 ilikuwa na gia zinazojibadilisha zenyewe, usukani uliolainishwa kwa mashine na breki zilizosaidiwa vivyo hivyo. Mambo hayo yalikuwa anasa kwa wakati wake, na leo yamo katika magari ya kawaida kabisa. Anasa ya jana mara nyingine huwa msaada wa leo.

Ila yake ni kwamba ilishindwa kuupambanua msaada na mapambo, ikaviuza vyote kwa bei moja. Badala ya springi za chuma, wanunuzi waliuziwa mifuko ya hewa ili gari lielee kama mashua. Mifuko ile ilivuja, gari likainama, na wenye magari wengi wakairudisha springi ya chuma iliyokwishajulikana. Hata mapezi hayakuwa mapambo yasiyo na madhara. Ralph Nader, katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya usalama wa magari, aliwashutumu watengenezaji kwa mapezi yaliyochongoka ambayo yaliwajeruhi wapita njia na waendesha baiskeli. Tena uzuri wenyewe haukukusudiwa kudumu. Mwaka 1960 mapezi yakapunguzwa, na kufika 1965 hayakuwapo. Aliyejinyima kwa ajili ya mapezi alijikuta, baada ya miaka michache, ana kitu cha kizamani ambacho hakijamaliza hata tairi zake za pili.

Juu ya yote, gari lile lilijengwa juu ya dhana moja: kwamba petroli itakuwa rahisi milele. Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipowafungia Marekani, bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi mpaka karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Huko Marekani kwenyewe watu walipanga foleni kwenye vituo vya mafuta, na Serikali yao ikaweka sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa. Barabara kuu walizokuwa wamezijenga tangu sheria ya mwaka 1956 zilikuwa zile zile, magari yalikuwa yale yale. Kilichokuwa kimebadilika ni jambo lililo nje ya mikono yao.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani tumeshatoa hukumu: Modeli T ni mtumishi mwema, Cadillac ni mwenye majivuno, na shauri limekwisha. Lakini kipo kisiwa kimoja kinachotulazimisha tufikiri zaidi, nacho ni Cuba.

Mapinduzi ya Cuba yalishinda tarehe 1 Januari 1959, katika mwaka wa Cadillac yetu hiyo. Kabla ya hapo kisiwa kile kilikuwa soko kubwa la magari ya Marekani, na barabara za Havana zilijaa Chevrolet, Buick, Ford na Cadillac. Mwaka 1960 Marekani ilianza kuzuia bidhaa zake zisiende Cuba, na mwezi Februari 1962 ikakifungia kisiwa kabisa. Tangu siku hizo hakikuingia kipuri kutoka Detroit kwa njia ya halali. Kwa hesabu ya karatasi, magari yale yalipaswa kufa yote kabla ya mwaka 1970.

Hayakufa. Mafundi wa Cuba waliyaweka hai kwa miaka zaidi ya 60. Injini ya Marekani ilipokwisha, walifunga injini ya dizeli kutoka Urusi au nchi nyingine. Pistoni, bushi na vipande vya breki walivichonga wenyewe kwa mashine za mkono. Magari yale makubwa Wacuba huyaita almendrones, yaani lozi kubwa, kwa ajili ya umbo lake, na yakawa teksi za kuchangia, zikichukua abiria wa njia moja kama daladala zetu. Gari lililoundwa ili tajiri mmoja alitembelee likaishia kuwachukua wananchi kwenda kazini. Hata sheria ikatambua jambo hilo: mpaka mwaka 2011 magari yaliyokuwapo kabla ya mapinduzi ndiyo pekee ambayo mwananchi aliweza kuyanunua na kuyauza kwa hiari yake.

Tusiipambe hali hiyo. Wacuba hawakuyaweka magari yale kwa mapenzi ya mambo ya kale; waliyaweka kwa dhiki. Yanatoa moshi mwingi na yanakula mafuta mengi. Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka 1991 na mafuta yakakatika, kisiwa kilibidi kuagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Lakini funzo lake ni zito. Cadillac na Chevrolet za miaka ya 1950, pamoja na majivuno yake yote, zilikuwa zinafunguka kwa spana. Aliyeitazama injini aliiona. Aliyeiona aliweza kuielewa. Aliyeielewa aliweza kuunda kilichopungua. Katika hilo zilikuwa bado ni ndugu wa Modeli T. Kilichoziokoa hakikuwa chuma cha Detroit. Kilikuwa ujuzi wa mikono ya Havana.

Hapo ndipo tunapoifikia kauli yetu. Motokaa, na mashine nyingine yoyote, haipimwi kwa macho ya anayeitazama siku inaposhushwa melini. Hupimwa kwa mkono wa atakayeitengeneza siku itakapolala. Hili halikuwa geni kwa wazee wetu. Jahazi likiingia maji halipelekwi ng'ambo. Hupandishwa pwani palepale lilipo, likakalafatiwa na fundi anayejulikana kwa jina na mtaa wake. Mbao, misumari na ujuzi vyote vipo karibu. Ndiyo maana vyombo vile vilizunguka bahari hii kwa karne nyingi bila ya kungoja barua kutoka kiwandani. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni fundi.

Visiwa vyetu haviundi motokaa wala havichimbi mafuta. Kila gari na kila tone la petroli huja kwa meli. Wingi wa magari yanayoingia siku hizi ni yale yaliyokwishatumika Japani, nayo yameleta nafuu kubwa ambayo hapana mwenye haki atakayeikana. Lakini kuna tofauti moja baina yake na zile motokaa mbili tulizozieleza. Gari la leo lina ubongo wa umeme ndani yake. Kosa halionekani kwa jicho wala halisikiki kwa sikio. Husomwa kwa kifaa maalumu, na asiye na kifaa hicho hubaki akibahatisha, akibadilisha kipuri hiki na kile kwa gharama ya mwenye gari. Ujuzi ambao zamani ulikuwa katika mikono ya fundi wa mtaani sasa umefungwa ndani ya kisanduku, na ufunguo wake uko ng'ambo.

Hatusemi turudi kwenye hendeli. Aliyepata stata hapigi tena hendeli, na gari la leo lina breki, mikanda na taa ambazo abiria wa Modeli T hakuziota. Tunachosema ni kuwa ununuzi usihesabiwe kwa bei ya siku moja. Hapana msomaji ambaye hajaona, mahali fulani, trekta au gari la wagonjwa au jenereta limefunikwa turubai, majani yameota magurudumuni, na ukiuliza unaambiwa kimekosekana kipuri kidogo. Mgonjwa wa Micheweni hapati faida kwa rangi nzuri ya gari la wagonjwa lililolala.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu maofisa, kila wanapoletewa karatasi za kununua mashine kwa fedha za wananchi, waulize maswali manne kabla ya kutia saini. Je, mashine hii inafaa kwa barabara na hewa yetu ya chumvi kama ilivyo, au inangoja barabara na hewa nyingine? Je, vipuri vyake vinapatikana hapa au karibu, na kwa bei gani katika miaka 10 ijayo? Je, wapo mafundi wetu wanaoweza kuifungua, na kama hawapo, je, muuzaji amekubali katika mkataba kuwafundisha na kuacha vifaa vya kupimia pamoja na maelezo ya ufundi yaliyoandikwa kwa Kiswahili? Na je, mafuta yakipanda bei mara mbili, tutaweza bado kuiendesha?

Mashine itakayojibu maswali hayo manne na inunuliwe, hata kama haina sura. Itakayoshindwa na iachwe, hata kama imetolewa kwa bei ya zawadi, kwani zawadi isiyotengenezeka ni deni. Na nyuma ya maswali hayo liko jambo kubwa zaidi, nalo ni vyuo vyetu vya ufundi. Kijana anayesomea umakanika leo apewe spana na pia afundishwe kusoma kile kisanduku cha umeme. Fedha zitakazotumika kumfundisha hazitaonekana bandarini siku ya kupokea meli, wala hapatakuwa na utepe wa kukata. Lakini ndizo zitakazoamua kama tutakuwa wenye magari au watu wa kuyatazama tu.

Ford alikosea alipodhani kuwa watu hawatataka kitu kingine. Earl alikosea alipodhani kuwa watu watataka kitu kingine kila mwaka. Mafundi wa Havana hawakupata nafasi ya kudhani chochote. Meli iliacha kuja, nao wakatazama walicho nacho, wakakunja mikono ya shati. Sisi meli zetu bado zinakuja. Na tujifunze ufundi huo sasa, tukiwa na nafasi ya kuchagua, kabla hatujalazimishwa.